Jinsi ya kuchagua sabuni ya maji ya kuogea kwa ngozi kavu inayowasha

Mvua za mwisho wa mwaka zikishakatika, ngozi ndiyo ya kwanza kujua. Kuanzia Desemba hadi Februari hewa ya Uganda hukauka, na katika maeneo ya kaskazini kama Moroto, Kitgum na Arua kiangazi huendelea hadi Machi, upepo ukivuma pamoja na vumbi lake, mpaka watu wanajikuna miguu usiku kucha na kuamka na michirizi myeupe kwenye ugoko. Kabale na Kapchorwa tatizo hilo huja kwa mlango mwingine: baridi ya Juni na Julai huwafanya watu waoge maji ya moto kupita kiasi, na maji ya moto huyeyusha mafuta ya ngozi. Wenye ndugu walioko kyeyo, London au Toronto, wamesikia malalamiko hayo hayo yakitoka katika majira ya baridi ya huko, ambapo hewa ya nje ina mvuke kidogo sana na ile ya ndani imekaushwa na mitambo ya kupasha nyumba joto. Mazingira ni matatu, lakini kinachotokea ni kimoja, nacho ni kwamba ngozi inapoteza maji haraka kuliko inavyoweza kuyazuia.

Wengi hukimbilia dukani kutafuta sabuni iliyoandikwa kwamba inalainisha na kuipa ngozi unyevu. Si kosa kuitafuta, ila ni vyema kujua mapema kwamba kazi ya sabuni yoyote, hata iwe na maneno matamu kiasi gani kwenye chupa, ni kuondoa. Zipo sabuni chache za maji ambazo kweli huacha utando mwembamba wa mafuta mwilini baada ya kusuuza, na nitazieleza hapa chini, lakini hata hizo haziwezi kufanya kazi ya mafuta ya kupaka. Kwa hiyo swali la kujiuliza mbele ya rafu si sabuni ipi itanipa unyevu mwingi, bali ni ipi itaninyang'anya kidogo zaidi. Anayeanza na swali hilo huokoa fedha, na fedha hiyo ataihitaji kwenye mafuta.

Kinachotokea unapojipaka sabuni

Tabaka la nje kabisa la ngozi limeundwa na seli zilizokufa, nyembamba na zilizobanana, na katikati ya seli hizo kuna mafuta ya aina tatu hasa, yaani seramidi, kolesteroli na asidi za mafuta. Mafuta hayo ndiyo yanayozuia maji ya mwili yasitoroke hewani. Sabuni hushika uchafu kwa sababu sehemu kubwa ya uchafu imeshikamana na mafuta, lakini haina namna ya kutofautisha grisi ya mnyororo wa pikipiki na mafuta yaliyozaliwa na ngozi yako mwenyewe. Vyote huenda na maji.

Jambo la pili ni kiwango cha asidi. Ngozi yenye afya ina asidi kidogo, pH yake ikiwa karibu na 5, ilhali sabuni ya kipande ya kawaida, ile inayopikwa kwa mafuta na kostiki soda, huwa na pH ya 9 hadi 10. Baada ya kuoga kwa sabuni ya namna hiyo ngozi huchukua saa kadhaa kurudi katika hali yake, na katika muda huo vimeng'enya vinavyotengeneza seramidi havifanyi kazi vizuri. Mwenye ngozi ya mafuta asiye na shida yoyote hatasikia kitu. Mzee wa miaka sabini ambaye ngozi yake haitoi tena mafuta mengi, au mtoto mwenye ukurutu, atasikia siku hiyo hiyo. Ndiyo maana ile desturi ya kuoga kwa sabuni ya mche, kipande kile kile kinachofulia nguo, humfaa mmoja katika nyumba na kumtesa mwingine, nao wote wanatumia beseni moja.

Sabuni nyingi za maji za kuogea si sabuni kwa maana hiyo ya zamani. Zimetengenezwa kwa visafishaji vya kiwandani ambavyo vinaweza kusawazishwa hadi pH inayokaribiana na ya ngozi, jambo lisilowezekana kwa sabuni ya kupika kwa kostiki, kwa sababu ukiitia asidi inavunjika na kurudi kuwa asidi za mafuta. Hata hivyo umbo peke yake lisikudanganye. Kuna vipande vigumu vilivyotengenezwa kwa visafishaji hivyo vya upole, na Dove, inayouzwa tangu mwaka 1957, ndiyo inayojulikana zaidi. Na kuna sabuni za maji zilizopikwa kwa potashi ambazo ni kali sawasawa na kipande. Mwenye kipato kidogo anayepata kipande cha aina ya kwanza hana sababu ya kujilaumu kwamba hakununua chupa.

Geuza chupa usome upande wa nyuma

Upande wa mbele wa chupa umeandikwa na watu wa biashara. Upande wa nyuma, kwa maandishi madogo yanayomlazimu mtu kusogea karibu na mlango wa duka ili apate mwanga, kuna orodha ya viambato, na orodha hiyo hufuata kanuni: kilichowekwa kwa wingi huandikwa kwanza, na vilivyo chini ya asilimia moja huweza kuandikwa mwishoni kwa mpangilio wowote. Majina yake ni yale yale karibu duniani kote, hivyo nitayaandika hapa jinsi yanavyochapishwa ili uweze kuyalinganisha na chupa iliyo mkononi mwako.

La kwanza karibu kila mara ni Aqua, yaani maji. Jina la pili au la tatu ndilo la kuangalia kwa makini, kwa sababu hicho ndicho kisafishaji kikuu. Ukikuta Sodium Lauryl Sulfate, irudishe chupa kwenye rafu. Ni kemikali ambayo watafiti wa ngozi huitumia makusudi wanapotaka kuichokoza ngozi katika majaribio yao, na mwenye ngozi inayowasha hahitaji uchokozi zaidi. Jina linalofanana nalo sana, Sodium Laureth Sulfate, ni jambo tofauti. Hicho ni kisafishaji cha upole zaidi kidogo, ni cha bei nafuu, na kimo katika chupa nyingi zinazouzwa Kampala. Peke yake bado ni kikali kwa ngozi iliyopauka, lakini kikifuatiwa kwa karibu na Cocamidopropyl Betaine, ambacho ni kisafishaji saidizi cha upole, na glisarini, mchanganyiko wake huvumilika. Bora kuliko vyote ni chupa inayotegemea Sodium Cocoyl Isethionate, Decyl Glucoside au Coco-Glucoside. Bei yake huwa juu. Na ukiona Potassium Cocoate, Sodium Palmate au Sodium Tallowate, ujue umeshika sabuni ya kupika, iwe ya maji au ya kipande.

Baada ya kisafishaji, tafuta vitu vinavyobaki mwilini. Glisarini, ambayo kwenye lebo huandikwa Glycerin, huvuta maji na kuyashika, nayo ndiyo ya kwanza kuitafuta kwa kuwa ni rahisi na hufanya kazi. Ikiwa imo kati ya majina matano ya mwanzo, hiyo ni dalili nzuri. Petrolatum ni mafuta yale yale ya kopo ambayo kila nyumba inayo, na chupa zenye Petrolatum juu katika orodha ndizo zile chache nilizozitaja, zinazoacha utando baada ya kusuuza. Helianthus Annuus Seed Oil ni mafuta ya alizeti. Butyrospermum Parkii Butter ni shea, ambayo Waganda wa kaskazini hawahitaji kuelezwa. Avena Sativa ni oti, na unga wake laini uliosagwa mahususi umetambuliwa tangu mwaka 2003 na mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, kuwa kinga ya ngozi inayotuliza mwasho.

Sasa kuna hila moja ndogo ambayo huniokolea muda. Tafuta neno Parfum, yaani manukato. Manukato huwekwa kwa kiasi kidogo, mara nyingi karibu na asilimia moja, kwa hiyo kitu chochote kilichoandikwa baada yake kimo kwa tone tu. Tuseme umeshika chupa yenye picha kubwa ya parachichi na asali. Nyuma imeandikwa Aqua, Sodium Laureth Sulfate, Sodium Chloride, Cocamidopropyl Betaine, Parfum, halafu vihifadhi, halafu Persea Gratissima Oil na Mel, kisha rangi mbili. Soma taratibu. Cha tatu kwa wingi ni chumvi, ile ile ya mezani, iliyotiwa ili kuifanya sabuni iwe nzito. Parachichi na asali vimekuja nyuma ya manukato na vihifadhi, na glisarini haimo kabisa. Hiyo ni sabuni ya kawaida yenye picha nzuri, na kama bei yake imepandishwa kwa ajili ya parachichi, basi unalipia picha.

Uzito basi si kipimo. Wanaotengeneza sabuni za maji nyumbani, ambao wako wengi nchini na hufanya kazi halali, wanajua vizuri kwamba chumvi ikiongezwa kidogo kidogo huigeuza sabuni nyepesi ikawa nzito kama uji. Sabuni zao zinazouzwa kwa madumu zimekusudiwa vyombo, sakafu na nguo, na hapo zinafaa. Kuzihamishia kwenye chupa ya bafuni kwa sababu zina harufu ya ndimu ni kuitendea ngozi visivyo. Povu nalo si kipimo. Tumezoea kuamini kwamba pasipo povu hakuna usafi, lakini povu huonyesha aina ya kisafishaji tu, na baadhi ya vile vya upole hutoa povu kidogo.

Kuhusu manukato yenyewe, ushauri wangu ni mkali kidogo: ngozi ikishaanza kuwasha, achana nayo kabisa mpaka itulie. Manukato ni miongoni mwa vyanzo vikubwa vya mzio wa ngozi unaoletwa na vipodozi. Chupa iliyoandikwa Fragrance Free haina manukato. Iliyoandikwa Unscented inaweza kuwa nayo, yakiwa yamewekwa ili kuficha harufu ya viambato vingine, kwa hiyo soma orodha hata hapo. Kihifadhi kimoja nacho kinastahili kutajwa kwa jina, Methylisothiazolinone. Kilisababisha mizio mingi kiasi kwamba Umoja wa Ulaya ulikipiga marufuku katika vipodozi vinavyobaki mwilini kuanzia mwaka 2017, na kwenye vile vya kusuuza ukakiwekea kikomo cha chini sana mwaka uliofuata. Chupa zinazofika huku kutoka masoko mengine bado zinaweza kuwa nacho kwa wingi zaidi.

Chupa za kuepuka hata zikiwa za bure

Sabuni zinazojitangaza kuua vijidudu hupendwa sana katika nyumba zetu, na wapo wanaotia dawa hiyo hata kwenye maji ya kumwogeshea mtoto mchanga. Kwa ngozi kavu ni mzigo usio na faida. Mwaka 2016 FDA iliziondoa sokoni sabuni za kuoshea zenye triklosani, triklokabani na kemikali nyingine 17, kwa sababu watengenezaji walishindwa kuonyesha kwamba zinasaidia kuliko sabuni ya kawaida na maji. Ikiwa daktari amekuandikia sabuni ya dawa kwa ugonjwa maalumu, hilo ni jambo jingine.

Hatari kubwa zaidi ni sabuni za kung'arisha rangi. Zebaki na haidrokwinoni haziruhusiwi katika vipodozi Uganda, lakini sabuni za aina hiyo huingia kwa njia za panya, na nyingine hudai kutibu chunusi, madoa na mwasho kwa pamoja. Lebo huweza kutotaja zebaki kwa jina linaloeleweka. Itaandikwa mercuric iodide, calomel au mercurio. Shirika la Afya Duniani limetoa dalili moja ambayo mtu yeyote anaweza kuitambua hata bila ujuzi wa kemia: maelekezo yakikuonya kwamba bidhaa isiguse dhahabu, fedha, alumini au vito, shuku kwamba ndani kuna zebaki, kwa sababu zebaki hushambulia metali hizo. Figo zinaumia kwayo, na ngozi yenyewe hupoteza kinga yake.

Unaponunua, angalia alama ya ubora ya UNBS, shirika la viwango la Uganda, namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi. Katika vichochoro vya Kikuubo, Kampala, ambako bidhaa ni nyingi na bei ni za jumla, chunguza pia kifuniko: chupa za sabuni za ng'ambo zilizokwisha hukusanywa, hujazwa upya na kurudishwa sokoni, na ishara yake ni karatasi ya ndani iliyochanika, lebo iliyojikunja pembeni, au chupa mbili za aina moja zenye rangi tofauti ya sabuni. Ikiwa unanunua kwa ajili ya mgonjwa au mtoto, duka la dawa lenye kibali ni salama zaidi hata kama bei imezidi kidogo.

Maji nayo yana sehemu yake

Kuna nyumba ambazo hubadilisha sabuni mara nyingi bila nafuu, kumbe tatizo liko kwenye ndoo. Maji ya visima vya pampu katika maeneo mengi yana kalsiamu na magnesiamu, na sabuni ya kupika ikikutana na madini hayo huunda utando mweupe usioyeyuka, ule unaoganda kwenye ukingo wa beseni na ambao hubaki mwilini vilevile. Kujua ni rahisi. Chukua chupa ya maji iliyo tupu, jaza maji ya kisima hadi nusu, kwangua humo sabuni ya kipande kidogo kama punje chache za mchele, funga na utikise kwa nguvu. Maji laini hutoa povu linalosimama na chini yake maji yanabaki maangavu. Maji magumu hutoa povu haba linalokufa upesi, na maji hugeuka kama yametiwa maziwa. Ukikuta hali hii ya pili, sabuni ya maji ya visafishaji vya kisasa itakusaidia zaidi kuliko inavyomsaidia mwenye maji ya bomba, kwa sababu haiundi utando huo. Mvua ikinyesha, kinga maji ya bati, yale yanayokuja baada ya paa kusafishika, na uyaweke kwa ajili ya kusuuzia.

Kuijaribu kabla ya kuiamini

Nunua chupa ndogo kwanza. Paka tone la sabuni iliyochanganywa na maji katika kikunjo cha ndani cha kiwiko, liache kwa muda ambao kwa kawaida ungetumia kuoga, suuza, na urudie mara mbili kwa siku kwa muda wa wiki moja. Mzio wa manukato au wa kihifadhi hauji siku ya kwanza. Huhitaji siku kadhaa kujitokeza, na ndiyo maana jaribio la dakika tano dukani halina maana.

Ikiwa kiwiko kimenyamaza, oga nayo mwili mzima, jifute, na safari hii usipake kitu kwenye mguu mmoja kwa dakika kumi na tano. Pitisha ukucha taratibu juu ya ugoko. Mstari mweupe unaobaki kama chaki, pamoja na hisia ya ngozi kuvutwa unapokunja goti, unaonyesha kwamba sabuni imechukua zaidi ya uchafu. Ngozi ikibaki inanyumbuka na mstari ukififia mara moja, umepata unachotafuta. Mwenye mwanafunzi wa sekondari nyumbani anaweza kuongeza kipimo kingine kwa karatasi ya litmasi nyekundu, inayopatikana kwenye maduka ya vifaa vya shule: ichovye katika sabuni iliyochanganywa na maji kidogo, na ikigeuka buluu, sabuni hiyo ina ualkali.

Namna ya kuoga

Sabuni bora ikitumiwa vibaya haina tofauti na mbaya. Maji yawe ya uvuguvugu, na katika baridi ya Kabale uvumilivu unahitajika hapa, kwani maji ya moto yanayotuliza mwasho kwa dakika chache huurudisha kwa nguvu mara mwili unapopoa. Dakika tano hadi kumi zinatosha. Si kila sehemu ya mwili inayohitaji sabuni kila siku: kwapa, kinena, shingo na nyayo zinahitaji, mikono na miguu ya mtu ambaye hakushinda shambani au barabarani kwenye vumbi husafishika kwa maji matupu, na ukweli ni kwamba badiliko hili moja lisilogharimu shilingi huwasaidia wengi kuliko chupa mpya.

Dodoki, ambalo katika nyumba za Kiganda ni kyangwe, liwekwe kando mpaka ngozi itulie. Najua wapo wasiojisikia wameoga pasipo kusuguliwa, lakini kusugua ngozi iliyopauka hufungua nyufa ndogo ambazo ndizo zinazowasha baadaye, na dodoki linalokaa limelowa bafuni huzalisha vijidudu. Tumia kiganja. Sabuni ya kujaza kitovu cha kiganja inatosha mwili mzima ikiwa utaitia maji kwanza mkononi. Na chupa inapokaribia kwisha, usiongeze maji ndani ili kuikomba. Vihifadhi vilivyomo vilipimwa kwa sabuni peke yake, na maji ya ndoo huingiza vijidudu ambavyo vihifadhi vilivyopungua nguvu haviwezi kuvizuia. Pindua chupa kichwa chini usiku, inatosha. Kwenye lebo pia kuna mchoro mdogo wa kopo lililo wazi wenye namba kama 12M, maana yake chupa itumike ndani ya miezi kumi na miwili tangu kufunguliwa.

Jifute kwa kugusagusa taulo, bila kusugua, na uache ngozi na unyevu kidogo. Hapo ndipo pa kupaka mafuta, ndani ya dakika tatu, kabla ya kuvaa na kabla ya mtu hajakuita nje. Mafuta ya kopo yasiyo na harufu yanafanya kazi vizuri kuliko losheni nyingi za gharama, kwa sababu yanafunga maji yaliyopo kwenye ngozi; yakipakwa kwenye ngozi iliyokwisha kukauka, yatafunga ukavu. Shea ya Acholi na Lango, moo yaa, ni nzuri hasa, na aina inayoota kaskazini mwa Uganda ina asidi ya oleiki nyingi kuliko ya Afrika Magharibi, ndiyo maana huwa laini na huenea kwa urahisi hata bila kupashwa moto. Harufu yake isiyosafishwa haimpendezi kila mtu, lakini usiku haina wa kumkera. Mafuta ya alizeti pia ni salama. Mafuta ya zeituni, ambayo watu huyanunua ghali wakidhani ni bora kwa watoto, siyapendekezi: utafiti uliofanywa Uingereza na kuchapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba yanadhoofisha kinga ya ngozi, wakati ya alizeti yaliiacha salama.

Ikiwa mwasho hauondoki

Ngozi kavu ya msimu huanza kupata nafuu ndani ya wiki mbili za utaratibu huu. Isipopata, usiendelee kununua chupa. Mwasho unaozidi usiku, wenye vipele kati ya vidole na kwenye vifundo vya mikono, na unaowapata watu kadhaa wa nyumba moja, unaelekea kuwa upele, na upele hutibiwa kwa dawa ambayo watu wote wa nyumba huipaka siku moja, pamoja na kufua nguo na mashuka yote. Mabaka ya duara yenye ukingo ulioinuka mara nyingi ni fangasi. Mwasho wa mwili mzima usio na vipele wala ukavu unaweza kutokana na ini, figo au damu, na unahitaji vipimo. Ngozi iliyopasuka ikitoa maji au usaha imeingiwa na vijidudu. Kituo cha afya kilicho karibu kinaweza kuanza uchunguzi, na kwa yaliyokuwa sugu kuna kliniki za ngozi katika hospitali za rufaa za Mulago na Mbarara. Nenda na chupa uliyokuwa ukitumia, pamoja na mafuta na krimu zote ulizojipaka, hata zile ulizopewa na jirani bila jina, maana kati ya krimu hizo mara nyingi mna steroidi kali zinazofunika ugonjwa bila kuuponya, na mganga asipoziona hawezi kujua anachokitazama.